Dakika mbili za Khedive Ismail: lawama iliyotupwa mahali pasipo pake

Kila inapotajwa Khedive Ismail, meli ya askari iliyozamishwa na nyambizi ya Kijapani, maongezi huishia pale pale: manowari ya Kiingereza, ikiiwinda nyambizi hiyo, iliangusha mabomu baharini huku watu wa upande wake wakielea juu ya maji. Ni kweli ilitokea, mchana wa tarehe 12 Februari 1944, katika bahari ya Maldivi, na si jambo la kupitiwa juu juu. Ila limegeuka pazia. Melini mlikuwa na watu 1,511. Walikufa 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6. Meli ilizama kwa muda ambao wengine huuhesabu kuwa chini ya dakika mbili na wengine dakika tatu, kwa hiyo walio wengi kati ya waliokufa walikwisha kunaswa ndani yake kabla bomu la kwanza halijagusa maji. Anayetaka kujua kwa nini hesabu ilitoka hivyo aanze na meli yenyewe, namna ilivyopakiwa, na ulinzi iliopewa ilipong'oa nanga Kilindini, bandari ya Mombasa.

Afrika Mashariki ina sababu ya kuisoma hesabu hii kwa makini kuliko wengine. Kundi kubwa kuliko yote melini lilikuwa Rejimenti ya 301 ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, karibu watu 1,000, waliopandia Mombasa kuelekea Colombo, na wao ndio walio wengi katika orodha ya waliokufa. Wakati huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa tayari Ceylon, Sri Lanka ya leo, ikijiandaa kwa vita vya Burma. Katika simulizi nyingi za Kiingereza askari hawa hutajwa kwa sentensi moja, kisha msimulizi huhamia kwa wauguzi na manahodha. Hakuna ubaya kuwakumbuka wauguzi. Ubaya ni kwamba ukiwaondoa askari wa mizinga kwenye picha, unaondoa pia jibu la kwa nini waliokufa ni wengi hivyo, maana jibu hilo limo kule chini walikolazwa wao.

Meli ilianza maisha kwa jina la Aconcagua. Kiwanda cha Scotts cha Greenock, Uskoti, kiliijenga mwaka 1922 pamoja na pacha wake, Teno, kwa kampuni ya Chile iitwayo Compañía Sudamericana de Vapores. Urefu wake ulikuwa karibu mita 129 na upana mita 17. Ilisukumwa na turbini za mvuke zilizozungusha rafadha mbili kupitia mfumo wa gia, na mwendo wake ulifika maili 17 za baharini kwa saa. Kwa meli ya abiria na shehena ya wakati ule, mwendo huo ulikuwa wa heshima. Njia yake ilikuwa Valparaíso hadi New York kupitia Mfereji wa Panama.

Aina hii ya meli ina hulka yake. Sitaha za juu ni za abiria: vyumba, ukumbi, baraza, ngazi pana za mbao. Chini yake, mbele na nyuma, ni vyumba vya shehena, na shehena hutaka nafasi pana isiyokatizwa. Kila ukuta wa chuma unaokatiza chumba cha mizigo humpunguzia mwenye meli nafasi na humsumbua kuli bandarini. Kila ukuta huo pia ndio unaozuia maji yasienee meli ikitobolewa. Mwenye mali na bahari hawataki kitu kimoja, na mchoro wa meli ya biashara huwa ni suluhu ya mabishano yao. Mwaka 1922 hapakuwa na mkataba wa kimataifa uliokuwa ukitumika kuamua suluhu hiyo iwe ya namna gani. Ule wa 1914, uliozaliwa na msiba wa Titanic, ulizimwa na Vita vya Kwanza kabla haujaanza kazi, na uliofuata ni wa 1929. Aconcagua ilijengwa katika pengo hilo, kwa kanuni za nchi na desturi za kiwanda.

Tani zake zilizosajiliwa zilikuwa zaidi ya 7,000, na baadaye 7,513. Tani hizi huwapotosha wengi. Si uzito, ni ujazo wa nafasi iliyofungwa ndani ya meli, tani moja ikiwa futi 100 za ujazo, yaani mita za ujazo 2.83. Kwa hiyo nafasi yote ya ndani, kuanzia chini ya boila hadi vyumba vya juu, ilikuwa mita za ujazo 21,000 na ushei. Tutairudia namba hiyo.

Mdororo wa uchumi wa dunia uliibana biashara ya Chile vibaya, na mwaka 1932 kiwanda cha Scotts kikazirudisha mikononi mwake Aconcagua na Teno kwa ajili ya deni. Mwaka 1935 zote mbili zikaangukia kwa kampuni ya Khedivial Mail ya Alexandria, Misri, zikapewa majina mapya: Teno ikawa Mohamed Ali El-Kebir, na Aconcagua ikawa Khedive Ismail. Jina hilo lina mchezo wake. Ismail, khedive yaani mtawala, aliongoza Misri kuanzia 1863, Mfereji wa Suez ulifunguliwa enzi yake, na mwaka 1879 aliondolewa madarakani akiwa amezama katika madeni. Meli iliyopotezwa na mwenyewe kwa deni ilipewa jina la mtawala aliyeangushwa na deni. Tena ni yuleyule aliyetuma meli zake pwani yetu mwaka 1875, zikateka Barawa na Kismayu kutoka mikononi mwa Sultani Barghash wa Zanzibar, hadi Uingereza ilipomshinikiza aziondoe.

Mwaka 1940 serikali ya Uingereza ilizichukua pacha hizi kwa kazi ya vita. Khedive Ismail iliwekwa chini ya usimamizi wa British India Steam Navigation, kampuni iliyojulikana sana na wasafiri wa Mombasa, Zanzibar na Bombay.

Kugeuza meli ya namna hii iwe ya askari ni kazi ya haraka na ya bei nafuu, na hapo ndipo penye hatari. Vyumba vya juu hubaki kama vilivyo, vikapewa maofisa, wauguzi na wanawake wa vikosi vingine. Vyumba vya shehena hupigwa sakafu ya mbao, hupangwa meza ndefu na mabenchi, na juu yake hutundikwa ndoano za machela za kulalia. Hewa huingizwa kwa mabomba ya turubai. Kutoka ni kwa ngazi zilizoegeshwa penye mlango wa shehena, mlango uliobuniwa kupitisha mizigo kwa winchi, si watu mia tatu wanaokimbia. Mashua za kuokolea huongezwa kwa vyelezo vilivyofungwa kwenye sitaha ili vielee vyenyewe meli ikizama. Hakuna anayeongeza kuta za chuma kule chini. Kazi hiyo ingehitaji miezi gudini, na miezi haikuwapo.

Pacha wake alionyesha mapema udhaifu na nguvu za mchoro huo. Tarehe 7 Agosti 1940 Mohamed Ali El-Kebir, ikipeleka askari Gibraltar, ilipigwa topido, bomu linalojiendesha majini, na nyambizi ya Kijerumani U-38 magharibi ya Ireland. Watu zaidi ya 90 walikufa, lakini mamia, yaani walio wengi, waliokolewa na manowari Griffin kwa sababu meli ilikaa juu ya maji muda wa kutosha watu kutoka. Meli mbili za kiwanda kimoja, mchoro mmoja, matumizi mamoja. Moja ikawapa watu wake muda, nyingine haikuwapa. Kwa hiyo haitoshi kusema tu kwamba meli ilikuwa mbovu. Ilikuwa meli ya kawaida iliyoweza kuvumilia pigo la kawaida, na tarehe 12 Februari 1944 halikuja pigo la kawaida.

Kabla ya hapo kuna tukio la Aprili 1941 ambalo wachambuzi wa mkasa huu hulisahau. Khedive Ismail ilikuwa miongoni mwa meli zilizotumwa Nauplia, Ugiriki, kuwahamisha askari waliokuwa wakikimbia Wajerumani. Vyombo vidogo vya kuwatoa watu pwani havikutosha, na alfajiri ya tarehe 27 meli ikaondoka bila kupakia. Slamat, meli ya Kiholanzi iliyokuwa nayo, ilikawia ikizidisha kupakia, kukapambazuka ikiwa bado karibu na pwani, na ndege za Kijerumani zikaizamisha. Destroya mbili, yaani manowari ndogo za kasi, Diamond na Wryneck, zilikwenda kuokota watu wake. Zote mbili zikazamishwa mchana ule ule, zikiwa na waliookolewa ndani. Walikufa karibu watu 1,000. Kila ofisa wa destroya aliyesikia habari ya siku ile alijua kwamba chombo kinachosimama kuokoa kinaweza kuwa kaburi la pili.

Februari 1944 msafara uliopewa namba KR 8 uliondoka Kilindini na meli tano za askari: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Tatu za mwisho zilikuwa vikongwe vya British India vilivyojengwa kabla ya Vita vya Kwanza. Msafara hutembea kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote, na huu ulitembea maili 13 hivi kwa saa. Maili 17 za Khedive Ismail, zile ambazo Wachile walizilipia, hazikuwa na faida tena.

Tofauti ya maili nne inaweza kuonekana ndogo, kwa hiyo tuipime. Nyambizi I-27, ya aina ambayo Wajapani waliiita B1, ilikuwa na urefu wa karibu mita 109. Juu ya maji ilikwenda maili 23 kwa saa, lakini chini ya maji mwisho wake ulikuwa 8, na hizo kwa muda mfupi kabla ya betri kuisha. Nyambizi iliyozama haiwezi kuifukuza meli. Lazima iwe mbele yake. Meli ikienda maili 17, nyambizi inayotaka kuikuta lazima iwe ndani ya pembe ya digrii 28 kila upande wa omo, yaani mbele ya meli. Meli ikienda 13, pembe hiyo hupanuka hadi digrii 38. Eneo la bahari ambalo nyambizi inaweza kuvizia hukua kwa zaidi ya theluthi, na ndilo eneo ambalo walinzi wanapaswa kulisafisha.

Walinzi walikuwa watatu: kruza Hawkins na destroya Petard na Paladin. Hawkins ilikamilika mwaka 1919, ikabuniwa kusaka meli za kivita zinazovamia biashara, kwa mizinga ya inchi 7.5. Dhidi ya nyambizi haikuwa mlinzi. Ilikuwa shabaha ya sita. Kwa hiyo mbele ya meli tano za askari zilibaki destroya mbili za kusikiliza chini ya maji. Kifaa cha kusikilizia cha destroya, asdiki, hutuma mlio na kungoja mwangwi. Katika maji ya ikweta, jua likishapasha tabaka la juu la bahari, mlio hupinda kuelekea chini, na nyambizi iliyo karibu na uso wa maji inaweza kupitwa bila kusikika. Hali huwa mbaya zaidi baada ya adhuhuri, na saa iliyochaguliwa na nahodha wa I-27, Toshiaki Fukumura, ilikuwa kama saa nane na nusu mchana.

Mahali nako palijulikana. Kutoka Mombasa kwenda Colombo, meli lazima zipite visiwa vya Maldivi, na njia pana na salama ni Mlango wa Digrii Moja na Nusu. Msafara ulikuwa ukiukaribia kutoka magharibi, karibu digrii moja kaskazini mwa ikweta. Nyambizi haihitaji kutafuta meli katika bahari nzima ya Hindi kama inajua zitapita mlango gani. I-27 haikuwa chombo cha majaribio: Juni 1943 ilikuwa imeingia hadi kwenye maji ya bandari ya Maskati na kuizamisha meli ya Kinorwe, Dah Pu, na baada ya hapo iliendelea kuwinda katika Ghuba ya Aden. Kwamba ipo, na inafanya nini, halikuwa fumbo kwa makao ya jeshi la majini.

Sasa dakika zenyewe. Mchana ule kulikuwa na tamasha la muziki katika ukumbi wa meli, wengine wakiwa sitahani, na askari wengi chini. Mlinzi aliiona periskopu, darubini ya nyambizi, akapiga kelele, na wapiga mizinga wa meli wakaanza kufyatua. Wakati huo huo topido nne zilikuwa njiani. Nyambizi za aina hii zilitumia topido aina ya 95, iliyoendeshwa kwa oksijeni badala ya hewa ya kawaida: haiachi mkia mweupe wa mapovu wa kuiona kwa mbali, na hukata karibu mita 25 kwa sekunde. Kichwa chake kilibeba kilo 405 za baruti, wakati topido ya umeme ya Kijerumani ya miaka ile ilibeba kilo 280. Mbili kati ya nne zilipiga, upande mmoja, zikipishana kwa sekunde chache. Tezi, yaani nyuma ya meli, ilifunikwa na moto na moshi, na boila zikalipuka.

Hapa tuirudie ile namba ya mita za ujazo 21,000. Chukua tundu la mita za mraba 30, kiasi cha ukuta wa chumba cha darasa, katikati yake ikiwa mita 4 chini ya uso wa maji. Maji huingia kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Ukipunguza kwa ajili ya kingo zilizochanika na vifusi, tundu hilo hupitisha kama mita za ujazo 160 kila sekunde. Kwa dakika moja ni takriban 9,500. Matundu mawili ni mara mbili ya hizo. Ni makadirio ya karatasini, na kasi hupungua kadiri chumba kinavyojaa, lakini yanatosha kuonyesha kwamba dakika mbili si chumvi ya wasimulizi. Hazihitaji maelezo ya ajabu.

Kilichoitofautisha na pacha wake ni huko kupigwa mara mbili upande mmoja. Topido moja hufungua chumba kimoja, au viwili ikipiga penye ukuta. Mbili, pamoja na mlipuko wa boila, hufungua sehemu kubwa kuliko zote za meli kwa mpigo: vyumba vya mashine na vya shehena vinavyopakana. Maji yakijaa upande mmoja meli huinama, na maji yaliyo huru ndani ya chumba kipana hukimbilia upande ulioinama, yakaiongezea mwinamo. Ikifikia hapo, madirisha ya duara ya sitaha za chini nayo huingia chini ya maji.

Mashua hazikuwa na nafasi. Kushusha mashua moja ya kuokolea kunataka kufungua turubai, kuigeuza nje kwa kreni zake, kuipakia, kisha kuilegeza kamba mbele na nyuma kwa pamoja. Mabaharia wazoefu, meli ikiwa wima, bado wanahitaji dakika kadhaa. Meli ikilala upande, mashua za upande wa juu hukwama kwenye ubavu wa meli na za upande wa chini huning'inia mbali. Vyelezo na mashua zilizong'oka zenyewe ndivyo vilivyookoa. Na aliyekuwa chini, katika chumba cha shehena, alikuwa na ngazi moja, giza, na sakafu iliyogeuka ukuta. Wanawake nao hawakuponea kuwa juu: walikuwa 83, wakafa 77, wengi wao wauguzi, na idadi hiyo hutajwa kuwa hasara kubwa kuliko zote za wanawake wa vikosi vya Jumuiya ya Madola katika tukio moja. Aliyeokoka zaidi ni yule aliyekuwa tayari kwenye sitaha wazi.

Paladin ilishusha mashua kuokota watu. Petard ikawinda. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya eneo lenye waliokuwa wakielea, na Petard ikapita hapo hapo ikiangusha mabomu ya chini ya maji, kila moja likiwa na takriban kilo 130 za baruti. Bomu la namna hii halimuui aliyemo majini kwa vipande vya chuma. Wimbi la mgandamizo hupita ndani ya mwili, ambao sehemu kubwa ni maji, bila kuumiza sana, hadi likute hewa: mapafu na matumbo. Hapo hupasua. Mtu anaweza kuvutwa melini bila jeraha hata moja la nje, akafa baadaye kwa kuvuja damu ndani. Manahodha wa destroya waliyajua haya. Aliyeangusha mabomu yale alijua anachofanya.

Bado naona uamuzi ulikuwa sahihi, na sababu yake ni ya kihesabu. Nyambizi ya aina ya B1 iliweza kubeba topido 17, na hii ilikuwa imetumia nne. Meli nne za askari zilikuwa bado machoni, na destroya mbili zikikaribia kusimama ni shabaha rahisi kuliko meli yoyote inayotembea. Diamond na Wryneck zilikwisha kulipia somo hilo. Kuwaacha waliokuwa majini bila mabomu kungewaachia pia nyambizi, na bila destroya hakuna ambaye angewaokota. Anayepinga aseme Petard ingefanya nini badala yake, si kwamba kilichofanywa kinatisha. Kinatisha.

Katika mapito ya tatu I-27 ililazimika kupanda juu. Hapo lilifuata pambano la kuchosha lililofichua udhaifu mwingine. Mizinga ya inchi 4 ya destroya haikuweza kulitoboa gamba nene la nyambizi. Makombora yaliharibu vilivyo juu tu. Paladin ikaamua kuigonga. Ujumbe wa kuizuia ulichelewa, na pezi la chuma la nyambizi likaichana ubavu, ikabaki hoi. Ukitoa destroya mbili tu kulinda watu elfu kadhaa, kisha moja ikajiumiza yenyewe, umebaki na moja. Petard ikalazimika kutumia topido zake, moja moja, na ya saba ndiyo iliyoimaliza I-27. Kwa rekodi hiyo Petard ikawa manowari iliyoshiriki kuzamisha nyambizi za mataifa yote matatu ya Mhimili: U-559 ya Ujerumani na Uarsciek ya Italia mwaka 1942, na hii ya Japani. Baadaye iliivuta Paladin hadi Kisiwa cha Addu, kusini mwa Maldivi, waliookoka wakiwa nazo.

Kwa hiyo kama ni kutafuta wa kuulizwa, ni yule aliyepanga msafara, na ofisi iliyompa vyombo vya kupangia. Kuanzia Aprili 1942, baada ya ndege za Kijapani kuishambulia Colombo, kikosi cha majini cha mashariki cha Uingereza kilihamia Kilindini na kuishi kwa kubana matumizi, kwa kuwa destroya zilitakiwa Atlantiki na Mediterania. Mwishoni mwa Januari 1944, wiki mbili kabla ya mkasa, Ceylon ilipokea meli kubwa za kivita Queen Elizabeth, Valiant na Renown, pamoja na Illustrious ya kubeba ndege. Ni nguvu ya kutamanisha kwa amiri yeyote, na kila moja hudai destroya za kuizunguka kila inapotoka bandarini. Destroya hazikuongezeka kwa kiasi hicho. Misafara ya askari ikapata zilizobaki.

Hata ndani ya uhaba huo kulikuwa na chaguo. Khedive Ismail na City of Paris zingeweza kutenganishwa na zile kongwe tatu na kupelekwa kwa mwendo wa kasi zaidi, zikiwa na destroya hizo hizo mbili kwa meli mbili badala ya tano. Kongwe zingengoja zamu yao. Kupanga hivyo kungechukua siku nyingi zaidi na kuhitaji safari mbili za walinzi, na watu wa Ceylon walitaka wauguzi na mizinga upesi. Ni uamuzi wa karani wa usafirishaji, wa kalenda na mafuta, na kwa kawaida maamuzi ya namna hiyo hayasimuliwi. Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki unawataja askari wa mizinga waliozama na meli hii.

Tarehe 12 Februari, Petard na Paladin ziliposhikwa na kazi ya kuwinda na kuokoa, meli nne zilizobaki ziliendelea mbele zikiwa na Hawkins, kruza isiyojengwa kuwinda nyambizi.